Mwongozo kamili: kuondoa taka za kemikali nyumbani na karakana bila kujidhuru wala kuharibu kisima cha jirani

Watu wanakosea palepale kila siku. Mtu anasafisha stoo, anakuta kopo la rangi limeganda nusu, chupa ya dawa ya wadudu ambayo lebo imeshaliwa na panya, dumu la oili chafu, anaangalia kushoto anaangalia kulia, anamwaga mtaroni halafu anasukumia na ndoo ya maji. Mwingine anachanganya jiki na dawa ya choo eti "viuane", anatoka bafuni anakohoa na machozi yanamtoka. Wa tatu anajiona mstaarabu zaidi, yeye anachoma.

Kabla ya hatua yoyote tuelewane kitu kimoja: kazi yako sio kuiua kemikali. Huna maabara. Kazi yako ni kuhakikisha haikutani na kemikali nyingine, haikutani na maji, haikutani na mtoto, mpaka imfikie mtu mwenye vifaa vya kuimaliza. Basi. Kila nitakachosema huko chini kinatoka hapo.

## Andaa hivi vitu kwanza

Usianze kushika chochote kama hivi huna, maana ukishafungua kopo ndio unakumbuka hukuleta glavu.

- Glavu nene za naitraili (aina ya mpira unaostahimili kemikali). Zile nyembamba za hospitali thina inapenya haraka, unakuwa umevaa mapambo tu.
- Miwani inayofunika macho mpaka pembeni
- Nguo za mikono mirefu na viatu vya kufunika (ndala acha ndani)
- Mchanga mkavu, ndoo moja nzima
- Beseni za plastiki mbili tatu za kuwekea makopo
- Madumu ya plastiki ngumu yenye mifuniko ya kuzungusha, na faneli
- Maka peni isiyofutika, karatasi, selotepu pana
- Maji yanayotiririka karibu yako, sio kisima kilichoko huko nyuma ya nyumba

Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi tu, mvuke wa thina au petroli inapita kama haipo. Ndio maana kazi hii inafanywa nje au mlangoni penye upepo, na upepo uwe unatoka mgongoni kwako kwenda kwenye makopo.

## Hatua ya 1: Soma kabla hujafungua

Toa makopo yote yapange mwangani, usifungue hata moja. Angalia alama zenye umbo la almasi na ukingo mwekundu, hizo zinatumika nchi nyingi duniani kwa hiyo hata kama maandishi ni ya lugha usiyoijua picha itakuambia. Fuvu ni sumu kali. Mwali wa moto ni kitu kinachowaka. Mwali uliokaa juu ya duara, hii wengi wanaichanganya na ile ya kwanza, maana yake ni kitu kinacholisha moto, yaani chenyewe kinaweza kisiwake lakini kikigusa mafuta au mbao vinawaka vibaya sana. Kimiminika kinachodondokea mkono na chuma ni kitu kinachobabua. Samaki aliyekufa pembeni ya mti mkavu, hiyo usiipeleke karibu na maji ya aina yoyote.

Chupa isiyo na lebo usiinuse, usionje, usitikise. Nimeona mtu mzima na akili zake anafungua chupa na kuvuta pumzi ndefu ili "ajue ni nini". Andika HAIJULIKANI, andika uliikuta wapi na lini, weka peke yake kwenye beseni. Ukiona kopo limevimba, au chupa ya zamani ina fuwele shingoni kwenye mfuniko, hiyo usiisogeze kabisa, piga simu zimamoto uwaeleze.

Umefaulu kama: unaweza kunyooshea kidole kila chombo ukasema ni nini au ukasema sijui, na vya sijui vimekaa pembeni.

## Hatua ya 2: Toa vile ambavyo bado vinafaa

Taka rahisi kuliko zote ni ile ambayo haijawa taka. Rangi nzima, sabuni, jiki, vitumie kwa kazi yake au mpe mtu atakayevitumia, ila kwenye chombo chake chenye lebo yake. Dawa za wadudu zilizopigwa marufuku au zisizo na lebo usimpe mtu hata akikuomba.

Thina iliyooshea brashi wengi wanaimwaga bila sababu. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, iache mahali pa baridi bila kuigusa. Siku ya kwanza utaona uji mtupu, siku ya tatu juu kunaanza kuwa na mstari mwembamba unaopitisha mwanga, ukipita wiki rangi yote imelala chini kama tope na juu kuna thina ya kahawia hafifu unayoweza kuimimina taratibu na kuoshea brashi tena. Tope la chini ndio taka, nalo ni kidogo sana ukilinganisha na ulichotaka kumwaga.

## Hatua ya 3: Tenganisha makundi

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo twende polepole.

Jiki na ndugu zake (pamoja na klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea) hawakai na tindikali. Dawa nyingi za kusafishia choo na za kuondoa kutu ni tindikali. Vikikutana inatoka gesi ya klorini, ileile waliyorushiana wanajeshi vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kwenye bafu dogo lisilo na dirisha huhitaji lita, mimino mmoja mmoja tu unatosha kukulaza hospitali. Jiki ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, inatoka kloramini, nayo inaunguza mapafu. Hata mkojo uliokaa chooni muda mrefu unatosha kutoa hiyo harufu inayochoma, kwa hiyo flashi kwanza.

Klorini ya unga ina tabia nyingine, ikichanganyika na mafuta au oili ya breki inaweza kujiwasha yenyewe. Usiiweke shelfu moja na vitu vya gereji.

Tindikali na kostiki (ile ya kuzibulia sinki) ni maadui. Vikikutana vinachemka vinarusha. Na usijaribu kuipunguza makali tindikali kwa kumiminia maji juu yake, joto linapanda ghafla inakurukia usoni. Kostiki nayo ukiiweka kwenye sufuria ya alumini inaila sufuria na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Vinavyowaka: petroli, thina, spiriti, rangi ya mafuta. Mbali na moto, jua, jenereta, na swichi ya umeme. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwenye sakafu, unaweza kufika kwenye jiko lililoko chumba cha pili wewe ukidhani uko mbali.

Sumu: dawa za wadudu, magugu, panya. Zikae peke yake.

Betri, na vyenye zebaki: peke yake pia.

Makundi sita (jiki na klorini, tindikali, kostiki, vinavyowaka, sumu, betri na zebaki), mabeseni sita, nafasi katikati. Kama huna mabeseni ya kutosha basi fanya kundi moja leo na jingine kesho, hakuna anayekukimbiza.

Umefaulu kama: ukifikiria beseni lolote limevuja lote, ndani yake hakuna vitu viwili vya kupigana.

## Hatua ya 4: Chombo sahihi

Chombo bora ni kile ilichonunuliwa nacho. Kikiwa kinavuja usihamishe, kitumbukize chote ndani ya ndoo kubwa yenye mfuniko, zungushia mchanga.

Kuna siku nilimimina thina kidogo kwenye kikombe cheupe, vile vyepesi kama povu vya kunywea chai ya kubeba, nichovye brashi mara moja tu. Nikageuka kuchukua kitambaa. Kurudi, kikombe hakina kitako, kingo zake zimenywea ndani kama ngozi iliyoungua na thina yote iko mezani inatiririkia kwenye soketi ya umeme. Hakikulipuka kwa bahati tu. Tangu siku hiyo kabla ya kumimina naangalia chini ya chombo, kama kuna pembetatu yenye namba 2 ndani hiyo ni plastiki ngumu inayovumilia vitu vingi. Namba 6 ndio familia ya kile kikombe changu.

Tindikali usiweke kwenye bati. Dawa za kuondoa kutu zenye tindikali ya haidrofloriki zinakula hadi kioo, ziache kwenye plastiki yake. Usijaze dumu mpaka mdomoni, acha kama sehemu moja ya kumi wazi maana joto likipanda kimiminika kinatanuka.

Halafu, NAOMBA SANA, usitumie chupa ya maji wala ya soda. Dawa ya magugu ya paraquat funda moja tu linaweza kuua mtu, na haina dawa ya kuigeuza. Kimiminika cha rejeta ya gari chenye ethilini glaikoli ni kitamu, mtoto na mbwa wanakinywa bila kusita. Waliokufa kwa chupa za soda hawakuwa wajinga, walikuwa na kiu.

## Hatua ya 5: Lebo

Fupi. Andika jina, imetoka kazi gani, tarehe, na hatari yake kwa neno moja: INAWAKA, SUMU, INABABUA. Bandika selotepu juu ya maandishi yote, vinginevyo tone la kwanza la thina litafuta kila kitu. Usiandike kwenye mfuniko, mifuniko hubadilishana.

## Hatua ya 6: Kila aina na njia yake

Oili chafu. Ipoe kwanza, iweke dumu safi, usichanganye na oili ya breki, maji ya rejeta wala thina. Oili safi-chafu (yaani chafu ila haijachanganywa na kitu kingine) inaweza kusafishwa na kutumika tena, ila ikishachanganywa hakuna anayeitaka. Filta igeuze juu ya beseni usiku mzima idondoke yote. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema galoni 1 ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji. Kuimwagia barabarani ili kuzuia vumbi ni kuisogeza tu, mvua inaipeleka kulekule mtoni. Gereji nyingi zina mtu anayekuja kukusanya oili, waulize.

Betri ya gari. Iuzwe au irudishwe nzima, na maji yake ndani. Watu wanamwaga tindikali chini ili kubaki na risasi tu (ile metali nzito yenye sumu, sio ya bunduki), na ile tindikali tayari ina risasi ndani yake, kwa hiyo udongo wa pale mtoto anapochezea ndio unakuwa betri. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, chanzo kikiwa vumbi la risasi la betri zilizovunjwavunjwa mtaani. Isimamishe wima kwenye beseni la plastiki, usiilaze.

Betri za simu na laptopu. Ziba ncha zake kwa selotepu. Iliyovimba usiibonyeze wala kuitoboa, iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu.

Rangi. Rangi ya maji iliyobaki kidogo fungua mfuniko, koroga na mchanga au maranda, iache mpaka iwe ngumu kama jiwe, sehemu nyingi ikiwa ngumu inaruhusiwa kwenda na taka za kawaida ila uliza kwanza. Ya mafuta hapana, hiyo ni taka hatarishi, ifunge ipeleke.

Makopo ya dawa za shamba. Hapa kuna utaratibu wa kuosha mara tatu, FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo, na ya afya) wanaupendekeza, na wengi wanaukosea kwa kuosha kesho yake dawa ikiwa imeshakauka. Osha palepale ulipomaliza kumimina. Weka maji robo ya chombo, funga, tikisa sekunde 30, mimina ndani ya pampu ya kupulizia uliyotayarisha. Fanya hivyo mara tatu kwa jumla. Yale maji bado ni dawa, kwa hiyo yanakwenda shambani kwa kazi yake na sio mtoni. Kisha toboa kopo kitako na ubavuni ili asitokee mtu wa kulichotea maji. Kuchoma usithubutu, moshi wake una sumu na plastiki zenye klorini zikichomwa hovyo zinatoa dioksini, sumu kali isiyoisha upesi.

Zebaki. Kipimajoto cha zamani kikivunjika toa watoto na wanyama, fungua madirisha, funga mlango wa ndani. Usifagie, ufagio unakata tone moja kuwa mia. Vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) ndio mbaya zaidi, inapuliza mvuke chumba kizima. Chukua kadi mbili ngumu, sukuma matone polepole yaungane, yavute na bomba la sindano lisilo na sindano, weka kwenye chupa yenye mfuniko. Kisha zima taa, laza tochi sakafuni imulike kwa ubavu, utashangaa vitone vilivyobaki vinang'aa kama nyota, viokote na selotepu. Selotepu, kadi na bomba vyote vinaingia kwenye hiyo taka. Ukiisukumia kwenye sinki inafika majini, vijidudu vinaigeuza kuwa aina inayoingia kwenye samaki, na kutoka kwa samaki kuja sahanini. Ugonjwa wa Minamata kule Japani, uliotambuliwa rasmi mwaka 1956, ulianza na maji ya kiwanda yaliyomwagwa baharini.

Matambara yenye mafuta ya kung'arishia mbao. Hakuna anayeyaogopa haya. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwa linalitunza lile joto mpaka linajiwasha bila kiberiti. Ghorofa la One Meridian Plaza, Philadelphia, liliungua Februari 1991 kwa matambara kama hayo, wazimamoto watatu wakafa. Yatandaze nje moja moja kwenye waya mpaka yakakamae, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye mfuniko.

## Kwa nini sio ardhini wala chooni

Wanaosema "nitachimba shimo refu" wanaifupishia kemikali safari ya kwenda kwenye maji ya kisima. Petroli ikifika huko chini inaelea juu ya maji. Viyeyusho vyenye klorini, kama vile vya kuondolea grisi kwenye vyuma, ni vizito kuliko maji, vinazama mpaka vikute mwamba na kukaa hapo miaka na miaka vikiachia sumu kidogokidogo. Kisima kinakuwa na maji meupe, hayana harufu, na hayafai.

Chooni nako, shimo la maji taka linafanya kazi kwa sababu kuna bakteria ndani. Ukiwamwagia thina au dawa kali nyingi unawaua, na kinachofuata shimo linajaa haraka na uchafu unatoka haujachakatwa.

## Hatua ya 7: Kutunza wakati unasubiri

Sio kila mahali pana kituo cha kupokea taka hatarishi, na ninajua hii ndio sababu wengi wanakata tamaa na kumwaga. Taka iliyofungwa vizuri inaweza kukaa miezi bila shida. Kivuli, pakavu, hewa inapita, juu ya beseni, pamefungwa kufuli, mbali na chakula na chumba cha kulala. Chupa za haidrojeni peroksaidi kali (kemikali ya kupaushia nywele na nguo) zina mfuniko wenye tundu la kupumulia, usibadilishe ukaweka wa kubana kabisa, itapasuka. Zungukia kila mwezi uangalie kama kuna kilichovimba au kulowa.

## Hatua ya 8: Kukabidhi

Uliza kwa utaratibu huu: ofisi ya mazingira au usafi ya serikali ya eneo lako, kisha muuzaji aliyekuuzia (betri na dawa za shamba mara nyingi wanapokea), kisha kiwanda au maabara iliyo karibu ambayo tayari ina kampuni inayowachukulia taka. Piga simu kabla ya kubeba, wataje unacho nini na kiasi gani.

Kwenye gari weka kwenye buti la nyuma, wima, makundi yasigusane, madirisha wazi, usivute sigara na usipitie popote njiani. Mwenye kukupokea akikuambia "mwaga hapo nyuma", rudi na mzigo wako.

Umefaulu kama: umepewa karatasi au umeandikwa kwenye kitabu chao, na anayepokea amekuuliza kila chombo kina nini.

## Ikimwagika au ikikurukia

Ikimwagika toa watu, zima moto, zungushia mchanga kwa nje kwanza uizuie isitambae kisha ndio uingie katikati. Maranda usitumie kwa klorini ya unga au chochote chenye ile alama ya mwali juu ya duara, unaongeza kuni. Mchanga uliolowa nao ni taka sasa, una beseni lake.

Jichoni, maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20 kope zikiwa zimeshikwa wazi, ndio uende hospitali ukiendelea kuosha kama inawezekana. Mwilini, vua nguo haraka huku maji yakimwagika. Unga mkavu ufute kwanza na kitambaa kikavu kabla ya maji. Usipake siki juu ya kostiki wala kitu kingine cha "kukata makali", ni maji tu. Aliyemeza asitapishwe, kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Kimbiza hospitali na chupa yenyewe au picha ya lebo, daktari atakachouliza kwanza ni kanywa nini.

Ukimaliza kazi osha glavu zikiwa bado mkononi ndio uzivue, mikono sabuni mpaka viwiko, na zile nguo zifue peke yake, sio na shuka za mtoto.